Duara la Kikombe kwenye Kona ya Meza

Karakana, nyumbani
Jumatatu, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyonga uliyovunjika inaendelea kujiunga huko kwa Shangazi, na kwamba hujamfukuza daktari wa huko kama ulivyomfukuza wa huku. Barua hii nampa dereva wa lori la vitunguu, kwa hiyo ikinuka usinilaumu. Simu ya Shangazi nimeipiga mpaka nimechoka. Naambiwa huko kwenu mtandao unapatikana mtu akipanda juu ya tangi la maji, na mwenye nyonga kama yako sitaki kusikia amepanda tangi.

Habari kubwa ni kwamba mashine yangu ya kuchonga mbao imekamilika. Ile uliyoiita mdudu. Mota za fotokopi zimekubali, nyaya zimetulia, daraja linalobeba kisu linakwenda mbele na nyuma juu ya reli zake, na kisu kinapanda na kushuka kama kompyuta inavyokiambia. Juzi ilichora duara kwenye kipande cha kadibodi, nikakaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu. Na kazi ya kwanza nimeshaipata. Mwalimu mkuu wa chekechea, yule mama anayevaa filimbi shingoni hata akienda sokoni, anataka mbao za herufi. Ubao mpana wa msonobari, herufi zote zimechimbwa ndani, mtoto apitishe kidole afuate njia ya herufi. Anataka zichimbwe hasa, kidole kizame. Zinatakiwa shule zikifunguliwa, katikati ya Aprili. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuniuliza.

Karakana iko salama. Nimefagia, na randa zako nimezipaka mafuta. Kikombe cha bati cha Mama hakipo kwenye rafu yake, labda nimekihamisha wakati wa kufagia. Usiwe na wasiwasi, kitajitokeza.

Halafu swali dogo, la kutaka kujua tu. Ile meza yako ya kazi, uso wake una unene gani, na ni mtiki mtupu au umechanganya na mti mwingine? Nauliza tu.

Mwanao,
Msumari


Kwa shangazi yako
Ijumaa, 7 Machi

Msumari,

Marahaba. Nyonga inajiunga. Daktari wa huku ni kijana mpole, anasema nipumzike, nami napumzika. Nakaa kibarazani natazama kuku wa shangazi yako. Wana tabia mbaya, ila mimi mgeni, sisemi kitu. Kazi sifanyi yoyote, ya aina yoyote, na ukimsikia mtu anasema vingine ujue ni uzushi.

Hongera kwa mdudu. Naisema kwa moyo mweupe, maana nilidhani zile mota zitaishia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Huyo mwalimu wa filimbi namjua, nilimtengenezea madawati. Kazi haikagui kwa macho. Anafumba macho anaipapasa, na akikuta kibanzi kimoja anakutazama mpaka unajisikia uko darasa la kwanza. Jiandae.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Uso wa meza ni mtiki mtupu, unene wa vidole vitatu na ushei. Sasa mimi nimeishi na watu, na sijaona mtu anayeuliza unene wa meza kwa kutaka kujua tu. Anayeuliza unene wa meza anataka kuitoboa. Lakini wewe umesema unauliza tu, na mimi nimekubali kwa sababu wewe ni mwanangu na sina sababu ya kukushuku. Nakukumbusha tu tulichokubaliana siku naondoka: mdudu anakaa bandani, nyuma. Meza yangu ni ya kazi, siyo ya majaribio.

Dereva anapiga honi. Huyu bwana hana subira hata kidogo.

Baba yako


Karakana
Jumanne, 11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii isomee jikoni, Baba hakanyagi huko. Ukimaliza itie motoni.

Nimeharibu, Shangazi. Au niko karibu kuharibu, bado sijajua. Mashine haiko bandani. Ilikaa bandani siku mbili tu. Meza ya kule niliiunga kwa mbao za makreti, daraja likigeuka na meza nayo inacheza, nikachonga herufi O ikatoka kama yai. Nikaangaza kiwanja kizima nikaona kitu kimoja tu kisichotikisika, na unakijua. Tulipomwaga saruji sakafuni watu wanne walishindwa kukisogeza, tukamwaga saruji kukizunguka. Basi mashine iko juu ya meza ya Baba. Nimeitoboa, bolti zimepita mpaka chini. Alipoandika habari za mtu anayetaka kutoboa meza, mimi nimeshatoboa, nikasoma barua nimesimama katikati ya unga wa matundu.

Hilo la matundu ni dogo. Kubwa ni hili. Mashine haijui meza, inajua reli zake basi. Ukiiambia ishuke kiasi fulani inashuka kiasi hichohicho kila mahali. Sasa reli nimezinyoosha kwa uzi na pima maji mpaka macho yakauma, lakini uso wa meza haufuati reli. Katikati, pale Baba anaposimama, kuna bonde. Pembeni kuna vilima. Ukilaza ubao, kisu huku kinakwaruza, kule kinazama. Dawa yake ni moja: mashine iinyoe meza yake yenyewe. Unafunga kisu kipana, kinapita mstari kwa mstari kama mtu anayefyeka uwanja wa mpira, mpaka uso wote unakwenda sawa na reli. Baada ya hapo ubao wowote ukiulaza pale umelala sawa na kisu. Watu wenye akili huweka ubao wa ziada juu ya meza wakaunyoa huo, meza yenyewe ikabaki salama. Mimi daraja nililikata fupi. Nikiongeza ubao chini, ubao wa shule haupiti.

Kwa hiyo ninyoe meza ya Baba. Alama za patasi zake, madoa ya gundi, mistari ya msumeno wangu nilipokuwa najifunza, yote yageuke vumbi. Na ile kona, Shangazi. Unaikumbuka? Mama alikuwa analeta kigoda, anakaa pale kona ya kulia na chai yake, anamtania Baba. Kikombe chake cha bati kiliacha duara jeusi kwenye mbao. Tangu afariki, nguo zake ziligawiwa, picha zimefifia, mimi sauti yake siikumbuki vizuri na naona aibu kusema hivyo. Duara lipo. Nikiwa na kazi ngumu naweka kidole juu yake nalizungusha. Siwezi kulinyoa. Na nisipolinyoa sina meza, na bila meza sina mbao za herufi, na mwalimu ana filimbi.

Nifanye nini? Baba usimwambie.

Binti yako,
Msumari


Nyumbani kwangu
Jumamosi, 15 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba. Nimesoma jikoni kama ulivyoagiza, na sufuria imeungua, na baba yako akaja mpaka mlangoni kuuliza kinachonuka ni nini. Nikamwambia ni moshi wa jirani. Uongo wa kwanza huo. Barua nimeitia motoni.

Sasa na mimi nina la kwangu, tena usimwambie kuwa nimesema. Baba yako hapumziki. Kibaraza anachokuandikia anakijua kwa jina tu. Amekamata meza yangu ya chakula, ameifunika gunia, anakaa kwenye kiti mguu umepandishwa juu ya mto, na kutwa nzima anapiga randa. Ametengeneza vigoda vyangu vyote, hata visivyovunjika. Jirani kaleta mlango wa kabati. Mtu wa pili kaleta kitanda cha mtoto. Sisi tunakula sahani ziko mapajani kama tuko msibani. Na hiyo meza, meza niliyopewa na marehemu mume wangu, kila siku anaweka chai yake ya moto kwenye kona bila kisosi. Sasa kuna duara jeusi. Nimempa visosi, anawekea misumari. Nikimuuliza, ananiambia meza isiyo na alama haijafanya kazi. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Lingine nitalisema taratibu. Daktari kamwambia nyonga itapona ila kusimama kutwa kwenye randa basi tena. Alirudi hapa akasema daktari amesema kila kitu kizuri. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya mlango, nimesikia. Ndiyo maana namwacha apige randa kwenye meza yangu. Angalau hapo anakaa.

Mmenifanya sanduku la siri, wewe na yeye, na mimi si mtu wa kunyamaza, unanijua. Nimevimba.

Kuhusu kona, mimi ningekuwa wewe ningeiacha. Nyoa kote, acha kile kipande cha wifi yangu. Mashine gani hiyo iliyotengenezwa na mtu mwenye akili zake ishindwe kuruka kona moja?

Shangazi yako


Karakana
Jumamosi, 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia unapumzika. Shangazi naye ameniandikia, anasema umetulia sana.

Naomba ushauri, siyo kwa ajili yangu. Nina rafiki yangu mmoja, fundi kama sisi, humjui. Na yeye ana mashine kama yangu, na ameifunga juu ya meza moja ya zamani. Meza ya marehemu babu yake, nadhani. Akataka kuinyoa uso ili ufuate reli. Alifanya kazi vizuri, Baba, ungemsifu. Alichora penseli uso mzima, mistari ovyoovyo, ili kisu kikipita aone pasipoguswa. Akanyoa mara ya kwanza, penseli ikabaki kwenye bonde la katikati. Akanyoa tena, ikaisha. Akapitisha ukucha kutoka mstari hadi mstari, akasikia vingazi vidogo, mstari mmoja juu kidogo ya mwingine, akajua kisu kimeinama kidogo upande mmoja. Akakinyoosha, akarudia. Vingazi vikaisha. Uso mzima ukawa laini, akalaza shavu juu yake. Alisema ni siku nzuri kuliko zote tangu mwaka uanze.

Ila kuna kona moja hakuinyoa. Ana sababu zake. Aliambia mashine iruke mraba wa kona ya kulia, na ule mraba sasa umebaki juu kama kisiwa, unene wa sarafu mbili hivi. Alidhani si kitu. Akalaza ubao wa herufi wa kwanza, nao ni mpana, unajaza meza yote. Kona moja ikapanda juu ya kisiwa. Herufi zikachongeka vizuri kuanzia A, nzuri mpaka rafiki yangu akaimba. Zilipofika kwenye kona, kisu kikazama kuliko kilivyotakiwa, na Z ikatoboka mpaka upande wa pili. Mwenye kazi alikuja kutazama. Alipitisha kidole taratibu, macho kayafumba, A mpaka Y akitikisa kichwa kwa furaha, halafu kidole kikatokea nyuma. Akauinua ubao akamchungulia rafiki yangu kupitia tundu la Z. Akauweka chini akaondoka. Rafiki yangu anasema angalau angepuliza filimbi.

Alijaribu kuupunguza ubao kwa chini, ukayumba. Alijaribu kuinua kona nyingine tatu kwa karatasi, katikati ukabonyea. Muda unakwisha na mbao za kuharibu hana nyingi. Wewe ungemwambia nini? Kona ile ina kitu ambacho hakiwezi kurudi kikishanyolewa. Anampenda sana mtu aliyekiacha pale.

Kikombe bado sijakiona.

Msumari


Kwa shangazi yako
Alhamisi, 27 Machi

Msumari,

Marahaba. Nimesikitika kusikia habari za rafiki yako. Mpe pole. Mwambie pia kwamba babu yake hajawa marehemu na si mjinga.

Nilipofungua bahasha yako, unga ulinimwagikia mapajani. Msonobari hutoa unga mweupe. Huu ulikuwa wa kahawia, ukiusugua una mafuta, na nilipounusa nikasikia gundi ya zamani ya maungio, niliyoacha kuinunua kabla hujaanza shule. Meza ya harufu hiyo ipo moja duniani. Shangazi yako hakuniambia kitu, usimgombeze, ingawa wiki mbili hizi ananitazama kama mgonjwa anayesubiriwa akate roho. Nilipomuuliza kuna nini akasema ni moshi wa jirani.

Nilikasirika. Nilikasirika tangu chai mpaka chakula cha mchana. Halafu nikarudia kusoma pale rafiki yako alipochora penseli uso mzima kabla ya kunyoa, nikakumbuka nani alimfundisha, na hasira ikakosa pa kukaa.

Sasa nisikilize. Wewe unadhani meza ile imekuwa na uso mmoja tangu niitengeneze. Mwanangu, meza ile nilikuwa naipiga randa kila mwaka. Kila likizo ndefu kazi zikipungua, wewe ulikuwa unapelekwa kwa bibi yako. Mimi nafunga mlango, naichora penseli, nainyoa yote mpaka inakuwa mpya. Ulikuwa unarudi umejaa hadithi za ng'ombe wa bibi, meza hukuitazama. Baadaye ukawa mkubwa, ukawa na marafiki na safari zako, bado hukuitazama. Bonde la katikati limekuja juzijuzi, tangu mgongo uanze kunisumbua nikaacha kunyoa. Makovu uliyoyakuta pale si ya ujana wangu. Ya ujana wangu niliyafagia zamani, tukawashia jiko.

Na duara. Mwaka tuliooana nilipoinyoa mara ya kwanza, mama yako alikuja na chai. Nikamwambia asiweke kikombe hapo, meza ni safi. Akanitazama. Akakiweka. Kikombe cha bati, cha moto, chini kimelowa. Akasema haya, sasa anza kazi. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nanyoa, yeye anapiga duara, mimi nanung'unika, tunaanza mwaka. Duara la kwanza lilidumu mwaka mmoja. La pili hivyohivyo. Hakulilia hata moja. Mama yako alikuwa na chai nyingi.

Alipofariki, likizo ilifika nikanyoa kama kawaida. Nilipomaliza kona ikawa tupu, nami nikakaa nikisubiri, kama mtu aliyesahau. Hakuna aliyekuja kuichafua. Nikakaa mpaka jua likazunguka dirisha. Mwisho nikachemsha chai mwenyewe, nikamimina kwenye kikombe chake, nikakiweka palepale, na nikanung'unika kwa sauti, mtu mzima peke yangu karakana. Nikajisikia nafuu. Nimefanya hivyo kila mwaka niliopiga randa. Kwa hiyo duara ulilolizunguka na mdudu wako ni langu mimi. La mama yako la mwisho liliondoka na maranda wewe ukiwa kwa bibi unakunywa maziwa.

Nyoa, mwanangu. Nyoa yote. Alichoacha pale hakikai kwenye mbao.

Ila kabla hujanyoa, chini ya duara upande wa ukutani kuna msumari. Uliupigilia wewe mwenyewe, hujafika hata kimo cha meza, umesimama juu ya kigoda cha mama yako. Kichwa kikakatika, ukalia kuliko msumari. Jina lako limetoka hapo. Sikuwahi kuung'oa. Kila mwaka niliudidimiza kwa tindo kidogo, randa ipite juu. Mimi naujua ulipo, mashine haiujui, na kisu kikiugusa utatafuta kisu kingine. Uchimbe uung'oe, tundu lizibe kwa kipande cha mtiki.

Na mimi nina la kusema. Daktari hakusema kila kitu kizuri. Sitasimama tena kutwa kwenye randa. Nilikuficha, nikamficha na shangazi yako, na yeye anadhani sijui kwamba alisikia. Kilichokuwa kinaniumiza si kazi, kazi naweza kufanya nimekaa. Nilikuwa najiuliza nani ataichora ile meza penseli. Sikutegemea itanyolewa na mota za fotokopi, lakini hakuna aliyeniuliza. Meza ni yako. Matundu nimeyasamehe baadhi, mengine tutazungumza nikirudi.

Baba yako


Karakana
Jumatano, 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma nikashindwa kufanya kitu siku hiyo. Nililia, nisikufiche. Halafu nikafika pale uliponung'unika peke yako nikaanza kucheka na machozi hayajakauka, na mteja akaingia wakati huohuo, akatoka.

Kwanza rafiki yangu anakusalimu na anaomba radhi kwa kukuua.

Msumari nimeung'oa. Ulikuwa palepale uliposema. Nilichimba kwa patasi yako nyembamba, ukatoka umepinda na umekula kutu, mfupi kuliko nilivyofikiri. Nimeufunga kwenye karatasi, uko kwenye bahasha hii, utafute vizuri usije ukamezwa na kuku. Tundu nimeliziba kwa mtiki, nyuzi za mbao nimezilaza upande mmoja, ukinisahihisha utanisahihisha ukiwa hapa.

Halafu nikachora kona penseli. Nilizungusha kidole kwenye duara mara ya mwisho nikawasha mashine. Nilidhani nitageuka nisitazame, nikatazama mpaka mwisho. Kisu kilipita mistari michache tu, Baba. Duara likawa nusu, likawa ukingo, likawa unga. Nikapitisha ukucha kutoka kisiwani mpaka katikati ya meza na haukukwama mahali. Sasa mbao imefunguka rangi ya asali pale kona, wakati kwingine imeshaanza kuzeeka tangu mwezi uliopita.

Mbao za herufi zimetoka zote. Mwalimu amekuja leo asubuhi. Akafumba macho, akapapasa kuanzia A, mimi nimesimama nimeshika ufagio kama mtu wa ulinzi. Alipofika Z akazunguka mara mbili, akarudi, akazunguka tena. Halafu akapuliza filimbi humu ndani ya karakana, masikio yangu bado yanalia. Ameniambia kwamba wewe ulikuwa unamwachia vibanzi kwenye madawati. Nimekufikishia ujumbe, mimi sijasema kitu. Anataka mbao za tarakimu muhula ujao.

Siku nanyoa kona nilichemsha chai, nikatoka nayo mpaka mezani, nikasimama. Sikuweka. Kikombe kilikuwa cha udongo, kingeacha alama ya maji ikakauka ikaenda zake. Cha bati nimekitafuta kwenye rafu, chini ya jiliwa, bandani, mpaka kwenye pipa la maranda. Basi nimeinywa chai nimesimama, kona nimeiacha wazi. Hainiumi kama nilivyoogopa. Ila iko safi mno, na kila ninapopita naiona. Rudi, Baba. Stuli ndefu nimekutengenezea, ina pa kuegemeza mguu, unaweza kupiga randa umekaa. Na utanikuta na matundu yangu, uyahesabu.

Msumari


Nyumbani kwangu
Jumamosi, 12 Aprili

Mwanangu,

Barua hii anakuletea baba yako mwenyewe, ndani ya lori la vitunguu, kwa hiyo ukisoma yuko mbele yako. Nimemwambia ni habari za mbegu za mchicha. Usimwonyeshe.

Alipopata msumari wako alikaa nao kiganjani mpaka chai ikapoa, na yeye chai iliyopoa hanywi. Akasimama akaanza kufunga mizigo. Daktari alitaka akae wiki nyingine. Daktari ameambiwa aje kutembea huko kwenu.

Kabla hajaondoka alitaka kupiga randa meza yangu, aondoe lile duara alilonichafulia kwenye kona. Alishachukua penseli. Nikamkatalia. Nimemwambia aliache kama lilivyo na atoke, lori linasubiri. Sasa nimekaa mbele yake naandika, chai yangu nimeiweka juu ya kisosi, maana mimi nimelelewa.

Mfuko wa kushoto wa koti lake una soksi, na ndani ya soksi kuna kikombe cha bati. Amekuwa nacho tangu siku ya kwanza alipofika, anakiosha mwenyewe, mtu asikiguse. Wewe usimuulize. Usifagie, usimpe kisosi, usimwambie apumzike kwanza.

Bandika maji ya chai.

Shangazi yako